Sabufa na amplifaya ya gari: maswali tunayoulizwa kila siku karakanani

Karakana yetu iko Kampala, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la Kisekka. Wanaokuja kwetu ni madereva wa malori wanaopita Malaba na Busia, maafande wa kambi ya Bombo, wafanyabiashara wa Arua na Kongo, na vijana wenye Premio yao ya kwanza. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, na maswali ni yale yale ya sabufa (spika kubwa ya besi) na amplifaya (kifaa kinachoipa nguvu). Tumeyaandika hapa na majibu tunayoyatoa tukiwa tumejikunja chini ya dashibodi.

Kaka, leo nina pesa ya kitu kimoja tu. Nichukue sabufa au amplifaya?

Ukiweza kusubiri, usichukue chochote. Fungua buti kwanza tuone linabeba nini. Buti la gari la Uganda lina kazi: Jumapili jioni unatoka Masaka na mikungu miwili ya matoke, gunia la makaa na kuku wa bibi. Kuna mteja aliyetaka boksi la sabufa mbili za inchi 12 lililojaza buti zima, tukamtengenezea. Akapata pancha njia ya Jinja usiku, spea tairi ikiwa chini ya sakafu ya buti, chini ya boksi, na boksi limefungwa kwa skrubu nane. Siku hizi hilo ndilo jambo la kwanza tunalouliza.

Ukishajua nafasi uliyonayo, chagua sabufa, kisha amplifaya ifuate sabufa. Anayeanza na amplifaya huishia kuzunguka madukani akitafuta sabufa ya kuiendana, na mara nyingi hununua isiyofaa kwa kuchoka. Tangu mwanzo weka kando pesa ya nyaya, fyuzi na boksi. Mtu anakuja na sabufa ya maana, halafu ana shilingi elfu kumi ya "waya wowote tu, fundi". Huyo tunajua atarudi.

Katoni imeandikwa wati 3000. Ni kweli?

Hapana. Namba kubwa ya kwenye katoni ni nguvu ya kilele, kitu ambacho kifaa kinakigusa kwa kufumba na kufumbua, na wakati mwingine hata hakikigusi. Unachotafuta ni wati za RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo wimbo mzima.

Muuzaji akisema hiyo 3000 ndiyo RMS, usibishane naye. Geuza amplifaya upande wenye fyuzi, usome namba. Fyuzi haina biashara, haidanganyi. Chukua ampea za fyuzi, zidisha kwa volti 13.8 za gari linalounguruma. Fyuzi moja ya ampea 30 inakupa wati 414, na hizo ni zile zinazoingia. Sehemu nyingine hupotea kama joto. Amplifaya ya daraja D (daraja ni aina ya muundo wa ndani) hutoa karibu asilimia 80 ya inachokula, kwa hiyo unabaki na wati 330 hivi. Ya daraja AB hupoteza zaidi, tarajia 200 hadi 250. Ni makadirio, kwa sababu fyuzi huvumilia kidogo kabla ya kukatika, lakini hakuna uvumilivu wa kutoka 330 mpaka 3000.

Nyingine zina fyuzi mbili au tatu, jumlisha zote. Nyingine hazina kabisa, zinategemea ile ya kwenye waya wa betri. Hapo soma kitabu chake, na kama hakuna kitabu, ipime kwa mkono: transfoma na shaba ni vitu vizito, na amplifaya nyepesi kama kopo la biskuti huwa na nguvu za kopo la biskuti.

Alama ya CEA-2006, au CTA-2006 kama inavyoitwa sasa, ni dalili nzuri. Maana yake nguvu ilipimwa kwa volti 14.4 na omu 4, na upotoshaji wa sauti haukuzidi asilimia 1. Hiyo 2006 ni namba ya kiwango, si mwaka wa kutengenezwa. Tuliwahi kumwona mteja akiiacha amplifaya nzuri dukani kwa kudhani ni ya zamani.

Sabufa yangu ni RMS 500. Amplifaya iwe ngapi?

Karibu hapo hapo. Kati ya 400 na 600 hutajuta.

Watu wanaogopa amplifaya kubwa kwamba itaunguza sabufa. Sisi sabufa nyingi tunazozika hapa ziliuawa na amplifaya ndogo. Mwenye gari anataka mtikisiko ambao amplifaya haiwezi, basi anaisukuma mpaka mwisho. Wimbi la sauti, ambalo lilitakiwa kuwa la mviringo, linakatwa kichwa na miguu. Nguvu inayopita kwenye koili (waya uliozungushwa ndani ya sabufa) inapanda, mwendo wa koni (ile sehemu ya mbele inayocheza) haupandi kwa kiasi hicho, na koili inaungua polepole. Utajua kwa harufu: gundi na shaba vinavyoungua havifanani na kitu kingine chochote, na ukiinusa sasa hivi zima, usisubiri wimbo uishe.

Omu ni nini, na kwa nini sabufa moja ina vichwa vinne vya waya?

Omu (ile alama ya Ω) ni kiasi ambacho spika inauzuia umeme usipite. Omu zikipungua, amplifaya inatoa nguvu zaidi na inapata joto zaidi. Zikipungua kuliko kiwango ilichoandikiwa, inajizima, au inaungua.

Vichwa vinne maana yake sabufa ina koili mbili. Yenye koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 2. Ukiziunga kwa kufuatana, unapata 8. Haziwi 4 hata ufanyeje, na ndiyo sababu hatupendi mtu anunue sabufa kabla ya kujua amplifaya inakubali omu ngapi. Yenye koili mbili za omu 2 inakupa 1 au 4.

Ukiwa na sabufa mbili, kila moja na koili mbili za omu 2: kila sabufa iunge kwa kufuatana iwe 4, kisha sabufa hizo mbili uziunge sambamba, zinakuwa 2. Amplifaya nyingi za chaneli moja zinaishi vizuri hapo. Kijana aliyeunga zote sambamba akapata nusu omu alituletea amplifaya ikiwa na harufu ya mahindi ya kuchoma.

Inchi 10, 12 au 15?

Kwa sedani ya kawaida, 12 moja nzuri. Kwa buti dogo kama la Vitz, 10. Ile 15 inataka boksi kubwa na ni ya mtu ambaye habebi abiria wala mizigo.

Kuhusu mbili dhidi ya moja: kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio linakitambua bila kushangaa. Ukiongeza sabufa ya pili na nguvu pia, unapata 6. Lakini ili sikio liseme "imekuwa mara mbili" linataka kama desibeli 10, na hizo kwa njia ya wati peke yake ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo ukitoka wati 500 kwenda 700 unalipa pesa kwa kitu ambacho hutakisikia.

Boksi lililofungwa kote au lenye tundu?

Hapa ndipo sauti inapozaliwa, na hapa ndipo watu wanapobania pesa.

Boksi lililofungwa hewa yake inaishika koni kama springi. Besi inatoka kavu, inasimama inapotakiwa kusimama. Kwa sabufa ya inchi 12, lita 21 hadi 35 kwa kawaida zinatosha, kwa hiyo buti linabaki na nafasi. Lenye tundu linatumia hewa inayotoka nyuma ya koni kuongeza mlio wa chini, na kwa wati zile zile linapiga kwa sauti kubwa zaidi. Gharama yake ni ukubwa, mara nyingi lita 50 hadi 70 kwa inchi 12, na hesabu isiyotaka mchezo. Urefu na upana wa tundu ndivyo vinavyoamua limepangwa kwa mlio gani, na wengi hulenga kati ya Hz 32 na 38 (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Ukikosea, unapata boksi lenye noti moja: kila wimbo, dum lile lile.

Sasa tuambie unasikiliza nini. Waya mnene wa gitaa la besi lenye nyaya nne hutoa Hz 41, na hapo ndipo mpiga besi wa Lingala anapoishia chini. Sebene inataka besi inayotembea, inayoruka, kila noti usikie mwanzo na mwisho wake. Kwa mzee wa rumba na kadongo kamu tunafunga boksi kote bila hata kumuuliza. Kijana wa amapiano na dancehall anataka ule mgurumo mrefu unaosukuma kifua; huyo tunamtobolea tundu, na tunamwashia kichujio cha milio ya chini sana kwenye amplifaya, kwa sababu chini ya mlio wa tundu koni haina kinachoishika na itapiga ukuta.

Mbao iwe MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 18, viungo vyote gundi na skrubu, na silikoni ndani. Plaiwudi nyembamba inacheza pamoja na muziki, na nguvu uliyoilipia inaishia kutikisa mbao. Kipimo cha lita ni cha ndani ya boksi, baada ya kuondoa unene wa mbao na nafasi inayokaliwa na sumaku. Mafundi seremala wengi hupima nje.

Waya wa duka la nyumba haufai? Nao si waya?

Haufai. Amplifaya ya wati 500 halisi huvuta ampea 40 na zaidi, na waya mwembamba unapasha joto zulia la gari lako kama pasi. Kwa nguvu hiyo tunatumia waya namba 4 (AWG, kipimo cha unene), ambao una milimita za mraba 21 hivi za shaba. Namba 8 ni wa amplifaya ndogo. Kumbuka namba zinapanda waya ukipungua unene.

Soko limejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwa macho ni mwekundu safi. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini, na alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Si dhambi kuutumia ukijua, ila panda saizi moja au mbili. Dhambi ni kuuziwa kwa bei ya shaba.

Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Inaulinda waya wenyewe, kwa kuwa amplifaya nyingi zina fyuzi zao. Mimi ninayeandika nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi niliweka fyuzi nyuma, karibu na amplifaya, kwa sababu ndipo ilipokuwa rahisi kufika. Waya ukasugua kwenye bati la ukuta wa injini mpaka ngozi ikatoboka, na betri nzima ikamwagika kwenye bodi bila kitu cha kuikata. Tulizima moto kwa mchanga na soda. Zulia la mwenye gari nililipa kwa miezi mitatu.

Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya na mfupi, nusu mita tu, uende kwenye bati tupu la bodi. Kwangua rangi. Rangi haipitishi umeme, hata ukaze boliti kwa nguvu za ng'ombe.

Taa zinacheza pamoja na besi. Niweke kapasita?

Kwanza elewa umeme unatoka wapi. Gari likiunguruma, alternata ndiyo inayolisha kila kitu, na magari madogo mengi yana alternata ya ampea 70 hadi 100 injini ikizunguka vizuri. Kwenye jamu ya Clock Tower, injini ikiwa chini, inatoa pungufu kabisa ya hapo, na feni, taa na AC zimeshachukua zao. Amplifaya inakula masalio, na yakiisha inaikopa betri.

Kapasita ni kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka. Ya faradi 1 ikiwa na volti 14.4 ina juli 104 hivi za nishati. Ikishuka mpaka volti 12, ambapo betri tayari imeingilia, imetoa juli 32 tu. Amplifaya ya wati 500 inazila kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Inalainisha kishindo kimoja, kisha inakuwa mzigo mwingine unaosubiri kulishwa. Pesa hiyo ipeleke kwenye betri mpya, halafu nenezesha nyaya tatu za mbele: alternata kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda bodi, na bodi kwenda injini. Gari la Japani la miaka 18 nyaya hizo zimeshakuwa za kijani kwa kutu.

Pima pia mwenyewe. Gari limezimwa usiku kucha, betri nzima inasoma volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka usome 13.8 hadi 14.4. Usipofika hapo, tatizo si muziki.

Redio ni ile ile iliyokuja na gari, ya maandishi ya Kijapani. Itakubali amplifaya?

Itakubali. Nyingi hazina matundu ya RCA (ya kupeleka sauti kwenye amplifaya) nyuma, lakini tunachukua sauti kwenye nyaya za spika za nyuma na kuipitisha kwenye kibadilishaji kidogo kinachoishusha. Amplifaya nyingi za sasa zina mlango wa nyaya za spika zenyewe, hata kibadilishaji huhitaji.

Lakini kama una mpango wa kubadili redio, fanya hivyo kwanza. Redio hizo za zamani zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90, na stesheni zetu zinaanza 88 mpaka 108. Ndiyo maana CBS unaipata kwenye 88.8 na Capital ya 91.3 huioni mpaka uwekewe kihamisha masafa. Redio mpya inakuondolea hilo, inakupa RCA, na inakuwezesha kuzuia besi isiende kwenye spika ndogo za mlangoni. Hilo la mwisho watu hawalitegemei: spika za mlango zikiachiwa kazi ya juu ya Hz 80 na sabufa ikabaki na ya chini, zile za mlango zinapona.

Gaini niifungue mpaka wapi?

Gaini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuisawazisha amplifaya na redio yako, kisha iachwe.

Zima kiongeza besi chochote. Chomoa sabufa. Cheza mlio wa Hz 50 kutoka kwenye simu, redio iwe robo tatu ya sauti yake. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti za AC katika vichwa vya spika vya amplifaya, ufungue gaini polepole mpaka ufike volti zako. Volti hizo ni kipeuo cha pili (√) cha wati ukizidisha kwa omu: wati 500 kwa omu 2 ni kipeuo cha pili cha 1000, yaani 31.6. Wati 300 kwa omu 4 ni 34.6. Simama hapo, rudisha sabufa, na mwambie ndugu yako asiguse.

Nikikanyaga mafuta spika zinalia kama mbu.

Waya wa RCA umelala pamoja na waya wa betri, au hasi yako imefungwa kwenye rangi. Pitisha RCA upande mmoja wa gari, umeme upande wa pili, ukwangue bati. Kwa kawaida mbu anakufa hapo.

Sabufa ya mtumba nitaijuaje?

Omba uiguse. Sukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imeungua au imepinda; ondoka. Inuse kwa nyuma. Kisha pima omu: koili ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8 kwenye multimita, na hiyo ni sawa. Ikisoma moja au haisomi kitu, ondoka pia. Mpira wa pembeni ukiwa na nyufa si kufa, lakini punguza bei.

Nina Noah ya familia. Sitaki boksi.

Tafuta sabufa ya chini ya kiti, yenye amplifaya ndani yake, inchi 8 au 10. Haitatikisa madirisha ya jirani, ila watoto nyuma wataisikia, na mizigo itakaa mahali pake. Kwa dada zetu wenye Vitz tunashauri hiyo hiyo.

Gari ni haibridi. Kuna hatari?

Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, wewe wala fundi wa muziki. Chukua umeme kwenye betri ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi iko nyuma, na usizidishe tamaa: hakuna alternata ya kawaida humo, kuna kibadilishaji chenye kikomo chake.

Afande atanikamata kwa kelele?

Anaweza. Uganda ina kanuni za kelele chini ya sheria ya mazingira, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndiyo yenye kuzisimamia. Usiku mtaani kwa watu, punguza.

Masikio je? Kanuni ya usalama kazini inayotumika sana ni saa 8 kwa desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 100 una dakika 15. Kutoka Ntinda mpaka mjini saa ya jamu ni zaidi ya hizo. Halafu kuna king'ora cha ambulansi, ambacho usipokisikia utakiona kwenye kioo kikiwa kimeshakufikia.

Na wezi?

Boksi tunaliwekea plagi ya kuchomoa kwa mkono na mkanda wa kufungua. Ukilaza gari nje, ingia nalo ndani. Vioo vya buti weka giza kiasi kinachoruhusiwa, na usiache katoni tupu nje ya geti siku ya takataka.

Mimi ni wa lori, Fuso. Volti 24. Amplifaya ya gari dogo nitaifunga kwenye betri moja kati ya hizo mbili, si ni 12?

Mzee, kila wiki tunamkataza mtu hilo. Betri mbili zimeunganishwa kwa kufuatana na alternata inazichaji kwa pamoja. Ukiikamua moja peke yake, hiyo inabaki na njaa na mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache unasukumwa Malaba foleni nzima ikikupigia honi. Nunua kishusha volti cha 24 kwenda 12 chenye ampea zinazoitosha amplifaya yako, zidisha kidogo, kifunge mahali penye hewa. Kiangalie kibandiko chake kama ulivyoiangalia fyuzi: kikiandikwa ampea 60 na ukubwa wake ni wa pakiti ya sigara, mrudishie mwenyewe.